Ujumbe wa Mongolia unapokuja mjini kwenu: mwongozo kamili wa kuuonyesha serikali ya mji mdogo

Mwongozo huu nimewaandikia Waswahili wenzangu tunaoishi kwenye miji midogo ya Marekani, hasa huku Vermont, ambako Wakongo, Warundi na Wabantu wa Somalia wamejenga maisha yao Burlington, Winooski na vitongoji vya jirani. Miji ya namna hii hupokea wageni wengi wa serikali kutoka nje kuliko watu wanavyodhani. Programu ya Open World, iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1999, imekuwa ikileta viongozi vijana kutoka nchi mbalimbali, Mongolia ikiwemo, na kuwapeleka kwenye jamii za kawaida. Kwa kawaida huja wajumbe watano na mwezeshaji mmoja anayejua lugha zote mbili, na hulala kwenye nyumba za watu. Wenyeji wao ni vyama vya kujitolea kama Rotary, vyuo, au kamati ya raia tu. Kamati hizo hutafuta familia za kuwalaza wageni, madereva, na watu wa kupanga ratiba. Nafasi hizo ziko wazi kwetu. Tena sisi tuliokulia kwenye mikutano ya vijiji na mabaraza ya machifu tunaingia na uzoefu ambao majirani zetu wengi hawana.

Nitakachosisitiza tangu mwanzo hadi mwisho ni kwamba wageni hawa waone maamuzi yakifanyika mbele ya macho yao, ubishi ukiwa ndani yake. Hotuba za mameya wamezisikia kwao. Wamesafiri nusu ya dunia ili waone watu elfu mbili wanavyogawana fedha za barabara na za shule, na wanavyoendelea kuishi pamoja kesho yake.

Kwanza, jua wanakotoka

Usianze kupanga ziara kabla hujaelewa ngazi za serikali ya Mongolia, kwa sababu maswali yao yote yatatoka huko.

Nchi ina watu milioni 3.5 hivi kwenye ardhi inayozidi kilomita za mraba milioni 1.5, zaidi ya mara moja na nusu ya Tanzania. Karibu nusu ya watu wako Ulaanbaatar. Waliobaki wamesambaa kwenye mikoa 21 iitwayo aimag. Aimag imegawanyika kwenye sum, ambazo nchi nzima ni kama 330, na chini ya sum kuna bag. Jiji kuu lina wilaya tisa zinazoitwa duureg, na chini yake khoroo. Mkoa mkubwa kuliko yote, Ömnögovi ulioko jangwa la Gobi, peke yake una eneo zaidi ya mara sita ya Vermont yote.

Sum ndiyo inayofanana na miji yetu kwa idadi ya watu: elfu chache tu. Makao yake yana ofisi ya gavana, shule yenye bweni la watoto wa wafugaji, kituo cha afya, benki na ukumbi wa utamaduni, na nje ya hapo ni nyika, mifugo na familia zinazohama kufuata malisho.

Kwa Katiba ya 1992, kila aimag na kila sum ina baraza la wawakilishi wa wananchi, Khural. Kwenye bag hakuna wawakilishi: wananchi wenyewe hukutana. Gavana wa kila ngazi hupendekezwa na Khural au mkutano wa ngazi yake, lakini anayemteua ni wa juu yake. Waziri Mkuu humteua gavana wa aimag na wa jiji kuu, gavana wa aimag humteua wa sum, na wa sum humteua wa bag. Muda wao ni miaka minne. Kwa hiyo gavana ana mabwana wawili, wananchi waliompendekeza na serikali iliyomteua. Mtanzania anayejua jinsi diwani na mkuu wa wilaya wanavyokaa kwenye chumba kimoja ataelewa hali hiyo mara moja.

Kutokana na hayo, maswali mengine unaweza kuyatabiri. Gavana wa jimbo anaweza kumwondoa mwenyekiti wa mji? (Hawezi.) Fedha za mji zinatoka juu au zinakusanywa hapa hapa? Mji ukikataa agizo la jimbo, nini hufuata? Wape wazungumzaji wako maswali haya mapema, ili wasije wakatoa majibu ya mkato. Na mwombe mratibu akutumie wasifu wa kila mjumbe: anatoka aimag gani, ni mjumbe wa Khural au mtumishi wa ofisi ya gavana, shughuli yake ni fedha, ardhi, afya au mifugo. Ofisa wa khoroo aliyezoea moshi wa makaa na msongamano wa Ulaanbaatar hana haja ya kitu kilekile anachotafuta gavana wa sum ya wafugaji.

Chagua wakati kwa kalenda mbili

Vermont ina siku yake kubwa: Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ya mkutano mkuu wa mji. Wapiga kura hukusanyika ukumbini, husoma bajeti kipengele kwa kipengele na kuipitisha au kuikataa kwa sauti. Kila mwandaaji hutamani wageni waione. Tatizo ni kwamba Tsagaan Sar, mwaka mpya wa Mongolia unaofuata mwezi, huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2025 ilianza Machi 1, na mkutano wa mji ulikuwa Machi 4. Kumwambia Mmongolia asafiri siku hizo ni sawa na kumwita Mzanzibari kazini siku ya Idi.

Isitoshe, Machi hadi Mei ni msimu wa mifugo kuzaa, na ndio wakati madhara ya dzud hujitokeza, ule msimu wa baridi kali na barafu unaofunika malisho. Dzud ya 2023 hadi 2024 iliua mifugo zaidi ya milioni 7. Gavana wa sum hawezi kuondoka wakati huo, na akiondoka mawazo yake yatabaki nyumbani. Julai 11 hadi 13 ni Naadam, sikukuu yao kubwa ya taifa, usizikaribie tarehe hizo. Chaguzi za mitaa hufanyika Oktoba kila baada ya miaka minne, na za karibuni zilikuwa 2024.

Mimi ningechagua Oktoba ya mwaka usio na uchaguzi au mwanzoni mwa Novemba kwa wajumbe wa vijijini. Barabara bado zinapitika, bodi za miji zinaanza kuchambua bajeti ya mwaka unaofuata, na vikao vya bajeti vinafundisha kuliko sherehe yoyote. Kwa wajumbe wa Ulaanbaatar, ikiwa Tsagaan Sar imekuja mapema mwaka huo, Machi inafaa.

Barua, nyumba na fedha

Anza miezi sita kabla. Barua ya mwaliko iwe na anwani ya ofisi ya mji au ya chama mwenyeji, itaje tarehe, madhumuni, nani analipia nini, na jina la kila mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti. Wamongolia wanahitaji viza ya Marekani na huiomba kwenye ubalozi ulioko Ulaanbaatar, kwa hiyo barua ikichelewa, ziara imechelewa. Kama mnapitia programu rasmi, wao hushughulikia viza na bima. Kama ni mwaliko wenu wenyewe, bima ya afya ya safari iwe sharti tangu siku ya kwanza, maana gharama za hospitali za Marekani mnazijua.

Kila mgeni apate chumba chake chenye mlango unaofungwa, intaneti, na birika la maji ya moto. Wagawe kwenye nyumba zisizozidi mwendo wa dakika 20 kutoka mjini, la sivyo madereva watachoka mapema. Usimpeleke mkuu wa msafara mbali na mkalimani.

Majina yao

Mmongolia hana jina la ukoo analoitwa nalo kila siku. Jina la baba hutangulia, jina lake mwenyewe hufuata. Rais wa zamani anaandikwa Tsakhiagiin Elbegdorj: Tsakhia ni baba, Elbegdorj ndiye yeye, na huitwa Bwana Elbegdorj. Kwa kifupi huandikwa Ts. Elbegdorj. Fomu za Marekani hulazimisha jina la baba liingie kwenye nafasi ya jina la familia, na matokeo yake kadi za kifuani hutoka na jina la mzee aliyeko kwao, au hata aliyekwisha kufariki.

Tengeneza kadi mwenyewe. Jina la mgeni liwe kubwa, herufi ya baba iwe ndogo mbele yake, na chini yake cheo. Upande wa nyuma andika hayohayo kwa Kisiriliki, herufi wanazoandikia Kimongolia. Mwombe mwezeshaji arekodi kwa simu namna kila jina linavyotamkwa, kisha wasambazie wenyeji wote wasikilize. Anayeweza kusema "sain baina uu" kwa salamu na "bayarlalaa" kwa asante ameshafungua mlango.

Mkalimani ndiye roho ya ziara

Kila mazungumzo yatachukua muda mara mbili. Mtu uliyempa dakika 30 atasema kwa dakika 15. Mwambie hivyo waziwazi, na umwombe aseme sentensi mbili tatu kisha anyamaze. Kwenye vikao vya bodi, ambako hakuna atakayesimama kumsubiri mkalimani, kodi vifaa vya kunong'oneza: kipaza sauti kidogo na vipokea sauti vya masikioni. Wageni wakae upande mmoja wa ukumbi, mkalimani nyuma yao kidogo.

Wiki mbili kabla, mtumie mkalimani ajenda, bajeti ya mji, na orodha ya vyeo vyote. Karani wa mji, mwongozaji wa mkutano, mthamini wa majengo, tangazo la mkutano, kikao cha faragha: haya hayapatikani tayari kwenye kamusi ya mtu yeyote. Akae na karani kwa simu nusu saa wayapitie pamoja. Mpe pia mapumziko ya kweli. Akila na wageni anatafsiri, akipanda gari anatafsiri, na kufika siku ya nne sauti imekwisha. Tafuta msaidizi wa jioni, hata mwanafunzi wa Kimongolia wa chuo cha karibu. Baadhi ya wazee wa Mongolia wanajua Kirusi vizuri, na pengine mjini kwenu yupo mtu wa lugha hiyo.

Ratiba

Hesabu saa kabla ya yote. Oktoba, tofauti kati ya Vermont na Ulaanbaatar ni saa 12 kamili. Saa nane mchana yenu ni saa nane usiku yao. Siku tatu za mwanzo, kazi nzito ifanyike asubuhi, na mchana wawe wanatembea au wako kwenye hewa safi. Kikao cha bodi cha saa moja jioni kisiwekwe kabla ya siku ya nne. Mkiwaweka ukumbini siku ya pili, mtawaona wanasinzia wakiwa wamekaa wima kwa heshima.

Siku ya kuwasili ni ya chakula na kulala.

Asubuhi ya kwanza wapeleke kwa karani wa mji, na mkae saa mbili nzima. Mwombe awafungulie chumba cha kumbukumbu, kile chenye mlango wa chuma, chenye vitabu vya hati za ardhi. Mtu yeyote, hata mpita njia, anaweza kuingia, kuomba kitabu na kusoma nani alimuuzia nani shamba lipi na kwa masharti gani. Katiba ya Mongolia hairuhusu malisho kumilikiwa na mtu binafsi, kwa hiyo hapo mezani maswali yataanza yenyewe: mpaka unajulikanaje, mgogoro unaamuliwa na nani, mji una haki gani juu ya shamba la mtu. Waache waulize, hata kama inakula muda wa kinachofuata.

Kisha kila mgeni apewe kitabu cha taarifa ya mwaka ya mji. Kila mji wa Vermont hutoa kitabu hiki kabla ya mkutano wa Machi, na ndani yake kuna kila kitu: mshahara wa msimamizi wa barabara, bei ya chumvi ya kumwaga barabarani, ripoti ya maktaba, ada za leseni za mbwa. Fungueni pamoja ukurasa wa wadaiwa wa kodi ya majengo. Katika miji mingi majina huchapwa, na kiasi kinachodaiwa kando yake, na jirani yeyote anaweza kukisoma kitabu hicho. Mkalimani asome mistari michache kwa sauti. Halafu waulizeni wageni kama kwao jambo hilo lingewezekana. Najua wenyeji wengine huona aibu kuuonyesha ukurasa huu. Mimi nauona kuwa ndio wenye thamani kuliko yote kwenye kitabu, kwa sababu mtu hapati tena nafasi ya kujificha, naye karani hawezi kumsamehe ndugu yake kimyakimya.

Siku inayofuata iwe ya barabara. Zaidi ya nusu ya barabara za Vermont ni za changarawe, na matumizi ya barabara ndiyo hula sehemu kubwa ya bajeti ya mji wenyewe ukiacha shule. Mwombe msimamizi wa barabara awachukue uwanjani kwake, awaonyeshe greda, rundo la mchanga uliochanganywa na chumvi, na daftari la simu za malalamiko. Aeleze msimu wa matope, barafu inapoyeyuka Machi na Aprili na gari za shule zinakwama. Gavana wa sum anajua barabara za udongo kuliko profesa yeyote, na hapa ndipo mazungumzo ya watu wa kazi moja huanza. Apande kwenye greda. Aulize inanunuliwaje. Jibu lake ni funzo zima: mji huweka akiba kidogo kidogo kila mwaka kwenye mfuko wa vifaa, na wananchi huupigia kura mfuko huo.

Baada ya barabara, kikosi cha zimamoto. Vingi ni vya kujitolea: fundi bomba, mwalimu, mkulima, wote wakiwa na redio kiunoni. Waongeleeni mafuriko ya Julai 2023, yaliyozamisha katikati ya Montpelier, na yaliyorudi Julai 2024 sehemu nyingine za jimbo. Nani alipiga simu ya kwanza? Nani alikuwa na orodha ya wazee wanaoishi peke yao? Fedha za serikali kuu zilichelewa kiasi gani, na mji ulikopa wapi wakati unasubiri? Kisha wape wageni nafasi waeleze dzud: namna sum inavyoweka akiba ya nyasi kavu, inavyofungua njia zilizozikwa na theluji, inavyoomba jirani awapokee wafugaji waliohama. Saa moja ya mazungumzo haya ina faida kuliko siku nzima ya slaidi.

Kikao cha bodi ya mji ndicho kilele. Bodi ni watu watatu au watano waliochaguliwa, majirani tu. Zungumza na mwenyekiti wiki moja kabla umwombe mambo mawili. Kwanza, salamu rasmi zisizidi dakika tano, kisha ajenda iendelee kama kawaida. Pili, asiondoe mambo magumu kwenye ajenda kwa sababu ya wageni. Wajumbe wengine wa bodi watataka kufanya hivyo ili mji uonekane vizuri. Kataa kwa upole. Kabla ya kuingia, waeleze wageni sheria tatu za Vermont: ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa saa 48 kabla, raia yeyote ana nafasi ya kusema, na muhtasari hutolewa ndani ya siku tano. Wape ajenda iliyotafsiriwa waifuate kwa kidole.

Asubuhi yake, panga kifungua kinywa na mtu aliyeshindwa. Mtafute raia aliyepinga jambo fulani akashindwa kwa kura, au mjumbe wa bodi ya shule ambaye bajeti yake ilikataliwa. Machi 2024 karibu theluthi ya bajeti za shule za Vermont zilianguka kwenye kura, na bodi zikalazimika kupunguza na kurudi kwa wananchi mara ya pili, nyingine mara ya tatu. Mwache aeleze alivyojisikia, alichokata, na kama bado anasalimiana na waliompinga. Hiki ndicho wageni wengi hukikumbuka, kwa sababu hakuna ofisa atakayekisimulia.

Kama mmekuja Machi na mnahudhuria mkutano mkuu wenyewe, fahamuni kwamba wasio wapiga kura hukaa pembeni, na mgeni hawezi kusema mpaka mkutano umruhusu. Mwombe mwongozaji alete ombi hilo mapema. Waelezee wageni kwamba wapiga kura saba tu wanatosha kudai kura ya karatasi badala ya kupaza sauti, na kwamba asilimia 5 ya wapiga kura wakitia sahihi wanaweza kuingiza jambo kwenye tangazo la mkutano hata bodi isipolitaka.

Tengeni nusu siku kwa Winooski, mji wa watu 8,000 hivi ambao Waswahili wengi ni wakazi wake. Mwaka 2021 Bunge la jimbo liliruhusu Winooski na Montpelier kuwapa wakazi halali wasio raia haki ya kupiga kura kwenye mambo ya mji. Gavana Phil Scott alikataa kutia sahihi, Bunge likapiga kura tena na kulishinda pingamizi lake. Hapo wageni wanaona mambo mawili kwa pamoja: jirani yako kutoka Bukavu akipigia kura bajeti ya mji kabla hajapata uraia, na mji ambao haukuweza kubadilisha hati yake yenyewe ya uendeshaji bila idhini ya jimbo. Usiwafiche hilo la pili. Miji ya Vermont ina mamlaka yale tu iliyopewa na jimbo, na mgeni kutoka nchi ambayo gavana huteuliwa kutoka juu ana haki ya kujua kwamba hata huku kamba ipo, ingawa ni ndefu zaidi.

Baada ya hapo, siku moja iachwe tupu. Wataenda dukani, watanunua zawadi za watoto, watalala. Usiijaze.

Mezani na nyumbani

Wamongolia wengi ni watu wa nyama na maziwa. Kondoo, ng'ombe, mbuzi, supu ya moto, viazi, mikate ya kukanda: hutakosea. Pilau ya nyama hupokelewa vizuri sana. Pilipili iwekwe pembeni, maana chakula chao hakina viungo vikali. Chai yao ya kila siku, suutei tsai, ni ya maziwa na chumvi, kwa hiyo weka sukari na chumvi mezani na kila mtu ajichanganyie. Mjumbe anayetoka Bayan-Ölgii, mkoa wa magharibi wenye Wakazaki wengi, huenda ni Mwislamu, uliza kuhusu nguruwe na sala kabla hajafika.

Pombe kali hutokea kwenye karamu zao. Asiyekunywa hana haja ya kujieleza sana: hupokea glasi, huchovya kidole cha pete, hurusha tone juu, kisha huirudisha. Mwenyeji Mwislamu anaweza pia kusema mapema kwamba nyumbani kwake hakuna pombe, nao wataheshimu.

Adabu zao nyingi zitakukumbusha bibi yako. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, au kwa mikono yote miwili. Mkubwa kwa umri huhudumiwa kwanza. Kizingiti hakikanyagwi. Mtu haelekezwi kwa kidole kimoja, bali kwa kiganja kilichofunguliwa. Ukimkanyaga mtu mguu kwa bahati mbaya, mpe mkono papo hapo. Wakikukabidhi khadag, kitambaa cha hariri, mara nyingi cha buluu, kipokee kwa mikono miwili iliyonyooshwa na usikikunje haraka. Zawadi wanazoupa mji zipokewe na mwenyekiti kwa niaba ya mji na zibaki ofisini, zisiende mfukoni mwa mtu. Nanyi wapeni kitu cha hapa kinachobebeka: sharubati ya mti wa mepo kwenye kopo la bati, maana chupa huvunjika, na iingie kwenye sanduku la mizigo kwa sababu ni kimiminika.

Wape jukwaa

Ziara ambayo wageni husikiliza tu ni nusu ya ziara. Jioni moja, maktabani, wao ndio wawe walimu. Tangazeni kwa wiki mbili, pikeni chai, alikeni wajumbe wa bodi na majirani zetu.

Wanacho cha kufundisha. Tangu 2020 wana E-Mongolia, mfumo wa mtandaoni ambao mwananchi hupata vyeti na huduma za serikali kwa simu, wakati kwenye miji yetu mingi bado tunamfuata karani siku alizofungua. Tangu 2013 wana mfuko wa maendeleo ya mitaa, ambao wananchi hupendekeza wenyewe miradi ya kufadhiliwa. Na wana mkutano wa bag, mkutano wa wananchi wenyewe miongoni mwa watu wanaoishi mbalimbali nyikani. Waulizeni wanafikaje, wanakutana msimu gani, akidi ikikosekana wanafanyaje. Vermont nayo inahangaika na hilo: tangu janga la korona miji mingi imehamia kwenye kura za karatasi za siku nzima, na waliobaki ukumbini ni wachache kuliko zamani.

Hapo ndipo Mswahili asikae kimya. Tanzania, kwa sheria namba 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Eleza ulivyouona kwenu: mtendaji akisoma mapato na matumizi, mama mmoja akisimama kuuliza fedha za kisima zimekwenda wapi. Tayari una meza yenye mikutano ya wananchi wa nchi tatu, na hakuna chuo kitakachokuandalia semina hiyo bure.

Siku ya mwisho na miezi inayofuata

Asubuhi ya kuondoka, au jana yake jioni, kaeni saa moja bila kamera. Kila mjumbe ataje jambo moja analotaka kulijaribu kwake, na anachohitaji ili alijaribu: fomu, mfano wa ajenda, picha ya daftari la malalamiko. Mtu mmoja wa kamati aandike na achukue jukumu la kutuma ndani ya wiki mbili. Ombeni idhini kabla ya kuweka picha zao mtandaoni, kwa kuwa wengine ni watumishi wa serikali na wana wakubwa wao.

Suala la miji dada hujitokeza kwenye karamu ya kuagana. Mifano ipo: Denver ina undugu na Ulaanbaatar tangu 2001, na Nairobi ni dada wa Denver wa zamani kuliko Ulaanbaatar, tangu 1975. Lakini undugu huo huamuliwa na mamlaka ya mji, kwa hiyo asitokee mtu wa kuuahidi akiwa na glasi mkononi. Semeni tu kwamba mtalipeleka kwenye ajenda, kisha lipelekeni kweli.

Wengi wao wanatumia Facebook na Messenger, na kundi moja la mazungumzo linatosha. Pangeni simu ya video baada ya miezi mitatu. Majira ya baridi tofauti ni saa 13, hivyo saa mbili usiku ya Jumatatu kwenu ni saa tatu asubuhi ya Jumanne kwao, nao watakuwa ndio kwanza wanafika ofisini. Mkalimani naye alipwe kwa saa hiyo.